Mtetemo wa Maili Arobaini

Gari langu lilianza kutetemeka wiki ya pili baada ya Pasaka ya mwaka 1955, na tangu siku hiyo sikulala usingizi wa kutosha. Halikutetemeka likiwa limesimama, wala likipanda taratibu kutoka mjini Arusha hadi nyumbani kwetu Sekei. Lilitetemeka mshale wa mwendo ulipogusa maili arobaini kwa saa. Hapo mtikisiko mzito ulinijia mikononi, kioo cha kutazamia nyuma kikacheza hata barabara niliyoiacha ikawa ukungu mtupu, na vifungo vya milango vikaanza kugonga. Nikishusha mwendo hadi thelathini na tano, kimya. Kimya hicho kilinitia hofu kuliko kelele yenyewe, kwa maana ubovu unaojificha hauwezi kusemwa umekwisha.

Watu wa Sekei walidhani nilinunua gari kwa fahari, mwalimu mweusi na gari lake. Sikuona haja ya kuwasahihisha. Mimi na mke wangu Nalepo tulijua sababu. Miaka miwili kabla ya hapo, mimba yake ya kwanza ilipofikia siku zake, tulipanda basi la kwenda Moshi kumwona daktari mpasuaji. Basi likaharibika katikati ya mbuga, mbele ya Maji ya Chai, saa nne asubuhi. Dereva alituambia tungoje. Tulingoja hadi saa kumi jioni, Nalepo akiwa amelala juu ya magunia ya maharage kando ya njia. Tulipofika Moshi mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni.

Sasa alikuwa na mimba ya pili. Daktari wa Arusha alimpima na kutuambia waziwazi kwamba nyonga zake ni nyembamba, lazima apasuliwe, na asiachwe na uchungu kwa muda mrefu. Mpasuaji wa hapa alikuwa amekwenda likizo kwao Uingereza. Ilitupasa tuwe Moshi kabla ya Jumatatu, tarehe 16 Mei. Kwa ajili ya safari hiyo moja nilikuwa nimenunua, kutoka kwa mzungu wa shamba aliyekuwa akirudi kwao, gari lililotengenezwa kabla ya vita. Nililihesabu kuwa ahadi yangu kwa Nalepo, na mimi nilikuwa sijapata kuvunja ahadi.

Nimelelewa katika shule ya bweni, na sioni haya kusema kwamba yote niliyo nayo nimeyapata huko. Kila Jumamosi tulikaguliwa. Mkaguzi wetu hakujali jinsi blanketi lilivyotandikwa. Aliinama, akapitisha kidole chini ya kitanda, kisha akakitazama kidole hicho bila kusema neno. Niliondoka pale nikiwa mtu anayesafisha kwanza mahali pasipoonekana. Ndiyo maana katika likizo ya Pasaka nililala chini ya gari kwa siku tatu, nikalisugua tope na kutu ya miaka kumi na mingapi, kisha nikalipaka rangi nyeusi tumboni kote. Nilipomaliza ningeweza kumkaribisha mkaguzi yeyote apitishe kidole chake.

Wiki hiyohiyo, siku tatu tu kabla ya usafi wangu, fundi Athumani alikuwa amebadilisha breki za nyuma. Kwa hiyo mtetemo ulipoanza sikuwa na shaka juu ya mwenye kosa.

Nilikwenda kwake Jumatano, tarehe 11 Mei. Karakana yake ilikuwa Ngarenaro, uwanja wenye paa la mabati upande mmoja na benchi upande wa pili, ambapo watu wasio na kazi walikaa kumtazama mwenye kazi. Athumani bin Jamaldini alikuwa mtu mzima wa miaka kama arobaini na mitano. Ufundi alijifunza jeshini, akatengeneza malori hadi Burma. Kwa umri wake nilipaswa kumwamkia. Sikumwamkia.

"Fundi, toka huko chini," nilisema. Miguu yake tu ndiyo iliyoonekana chini ya lori. "Nina neno nawe."

"Lilete tu, Mwalimu. Maneno yanaingia hata huku."

"Gari langu lilikuwa zima. Umeligusa, limeugua; likifika arobaini linatetemeka. Nataka kujua ni nini ulichokiacha bila kukikaza."

Miguu ikatulia. Kwenye benchi Omari, muuza matairi ya mitumba, akapiga goti lake. "Mwalimu, na wewe nawe! Gari hilo limezaliwa kabla ya vita. Hata mimi tangu nifike arobaini natetemeka, na hakuna fundi aliyenigusa!"

Benchi zima likacheka. Sikupenda. Athumani akajiburuta nje, akasimama, akajifuta mikono. Midomo yake ilikuwa imekauka, maana ilikuwa Ramadhani.

"Nimefunga, Mwalimu," alisema kwa utulivu. "Usinitafutie maneno. Lilete tulitazame."

Alilitazama mchana kutwa. Alikaza upya kila nati ya magurudumu. Alichokonoa udongo mweusi wa Meru uliokuwa umegandamana ndani ya rimu kama saruji, akaniambia kwamba udongo wa upande mmoja tu unatosha kulitikisa gurudumu. Akahamisha magurudumu ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Akatikisa kila kiungo kwa mikono yake. Kisha tulitoka kulijaribu kwenye njia iliyonyooka, mbele ya Sombetini, ambako wakati huo palikuwa na ng'ombe wengi kuliko nyumba. Mshale ukagusa arobaini. Mtetemo ukaja palepale, kana kwamba ulikuwa umekaa njiani ukitungoja.

Tuliporudi karakana Athumani aliegemea boneti akifikiri.

"Mwalimu, nikuulize. Tangu ulichukue hapa, umefungua chochote huko chini? Wewe au mtu mwingine?"

"Sijafungua chochote," nilimjibu. "Wala hakuna mtu mwingine ninayemruhusu kuligusa."

Jibu hilo lilikuwa la kweli, na nililitoa kama mtu anayejua kwamba husema kweli siku zote. Nikaongeza, kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa benchi, kwamba fundi anayeshindwa hutafuta mwenzake wa kugawana naye lawama, na kwamba kama angekuwa mwanafunzi wangu ningejua la kumfanya. Safari hii hakuna aliyecheka. Athumani akaokota spana zake.

"Jumamosi asubuhi nitakuja kwako," alisema. "Tutakwenda nalo mbali. Uwanjani siusikii vizuri."

Alhamisi na Ijumaa nilifundisha bila kujua ninachofundisha. Kila nilipofumba macho niliona kipande cha chuma kikikatika katikati ya mbuga, gari likisimama, na Nalepo akishuka kutafuta mahali pa kulala kando ya njia. Nilifikiria kukodi gari jingine; hapakuwa na la kukodi. Nilifikiria basi, nikasikia mwili wangu wote ukikataa.

Jumamosi saa mbili Athumani alifika kwa baiskeli, mfuko wa spana begani. Usiku ilikuwa imenyesha, na Mlima Meru ulikuwa umejifunika hadi mabegani. Nalepo alitoka nje kabla yangu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Habari za kuamka?"

"Za kuamka si mbaya. Za kulala ndizo sina."

Alikuwa ameshika kikapu, na kwapani furushi la kanga. Nilimuuliza anakwenda wapi.

"Pamoja nanyi. Shangazi Naipanoi yuko Maji ya Chai, nina kitu cha kumpa."

"Nalepo, gari hili ni bovu."

"Ndiyo maana nataka kuuona ubovu wenyewe. Tangu Pasaka nausikia ukisimuliwa tu." Akafungua mlango wa nyuma, akaingia polepole, akaufunga.

Tulishuka hadi barabara kuu, tukashika upande wa mashariki. Hadi Tengeru nilikwenda thelathini. Athumani, aliyeketi mbele nami, alikuwa ameweka kiganja kimoja kwenye mlango na kingine sakafuni, macho ameyafumba, kama daktari anayesikiliza kifua. Tulipita migomba na mibuni ya Usa River. Njia iliponyooka akasema, "Haya. Tia arobaini."

Nikatia. Kioo kikaanza kucheza.

"Toa gia. Liache liende lenyewe."

Nikatoa gia, injini ikashuka sauti, gari likaendelea kwa kasi yake. Mtetemo ukabaki vilevile.

"Si injini," alisema. "Na magurudumu tulikwisha kuyahamisha. Wewe unausikia wapi, Mwalimu?"

"Usukani. Umo mikononi mwangu."

"Si usukani," alisema Nalepo kutoka nyuma. "Uko hapa, chini ya kiti changu. Unanipanda mgongoni."

"Nalepo, aliyeshika usukani ni mimi."

"Na aliyekalia kiti ni mimi."

Athumani akacheka, kicheko chake cha kwanza mbele yangu tangu Jumatano. "Simamisha, Mwalimu. Mama, kwa heshima yako, nipe kiti hicho."

Wakabadilishana. Nalepo aliketi karibu yangu, akashika mpini wa mlango. Niliondoa gari, nikarudi katika arobaini, mtetemo ukarudi. Nyuma yangu Athumani alikuwa ameinua zulia la sakafu na kuweka viganja vyote viwili juu ya bati. Tulipita Maji ya Chai, wanawake wakipanga ndizi kando ya njia. Tukavuka daraja. Nalepo hakusema nisimame.

"Tumempita shangazi," nilimwambia.

"Endesha tu."

Nilimtazama mkono. Alikuwa ameung'ang'ania ule mpini hata vidole vimekakamaa. Nilidhani ni hofu ya gari, nikapunguza mwendo.

"Ni propela," alisema Athumani.

Nilijua anachokitaja. Ni lile bomba refu la chuma linalopita chini ya gari, linalotoka kwenye gia hadi ekseli ya nyuma, nalo huzunguka kwa kasi muda wote gari linapokwenda. Bomba hilo likikatika gari halisogei, na huenda likajichoma ardhini na kulipindua.

"Mama ndiye aliyesema sawa," aliendelea. "Dereva hukivutia kila kitu mikononi mwake. Lakini sielewi. Viungo vyake vyote niliviwekea mkono Jumatano, ni vizima. Propela haiugui yenyewe, Mwalimu. Ama imegongwa, ama imepinda, ama imepoteza kitu. Simama pale."

Nilisimama kando, penye migunga miwili mitatu. Tulikuwa tumekwisha kuingia mbugani. Mahali lilipoharibikia lile basi hapakuwa mbali. Nilipatambua kwa mawe yake, na sikutaka kupatazama. Athumani akatandika gunia, akaingia chini ya gari. Tulimsikia akigonga taratibu kwa mpini wa spana. Kisha akanyamaza.

"Rangi hii Jumatano sikuitilia maanani. Nani aliyeipaka?"

Nalepo, aliyekuwa amesimama ameegemea mlango, akanigeukia.

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Zile siku tatu ulizolala huko chini ukigonga. Ina maana hukumwambia? Mimi nilikuuliza, ukaniambia fundi amekwisha kuelezwa kila kitu."

"Nilisafisha," nilisema. "Aliniuliza kama nimefungua kitu. Sikufungua kitu. Nilisafisha."

Kichwa cha Athumani kikatokea chini ya ubao wa kukanyagia, tope limemrukia kwenye paji. "Ulisafisha kwa kitu gani?"

"Mafuta ya taa. Brashi ya waya. Na palipokuwa pagumu, tindo ya kukatia chuma."

"Tindo," alirudia. Alilitamka kama mwalimu wangu wa hesabu alivyokuwa akilisoma jibu baya mbele ya darasa, bila hasira, ili mwenye jibu alisikie vizuri. "Sasa nikumbushe, Mwalimu. Juu ya propela, karibu na mwisho wa nyuma, palikuwa na kitu? Kama kiraka?"

Nilikumbuka mara moja, na nilipokumbuka masikio yangu yakawaka moto. Kilikuwa kibati cha pembe nne, kikubwa kidogo kuliko sarafu, kimechomelewa kwa matone mawili mabaya ya chuma. Nilikichunguza siku ile. Chini yake hapakuwa na ufa wala tundu. Niliamua kwamba ni kazi ya fundi mvivu wa yule mzungu, kiraka kilichowekwa mahali pasipohitaji kiraka, na sikuwa mtu wa kuvumilia uchafu wa namna hiyo. Nilikipiga tindo mara nne kikatoka. Nikalainisha mahali pale, nikapaka rangi.

"Kilikuwepo," nilisema. "Nilikitoa."

Athumani akafumba macho. "Kiwandani ndiko walikokitia. Bomba kama hili halitoki sawa, Mwalimu. Upande mmoja huwa mzito. Wanalizungusha, wanautafuta upande mwepesi, wanauwekea kibati ulingane na mwenzake. Polepole huoni kitu. Likifika arobaini, ule upande mzito unataka kutoka nje." Akafumbua macho. "Umekitupa?"

Mimi situpi kitu. Chini ya kiti cha mbele nilikuwa na sanduku la vyombo, na ndani yake makopo saba ya sigara yaliyopangwa kwa safu, kila moja na karatasi yake: nati, skrubu, klipu za kubania mabomba, na mengineyo. Nilitoa la mwisho. Sikulisoma. Nalepo ndiye aliyelichukua na kulisoma kwa sauti, mwandiko wangu mwenyewe, wino mweusi, herufi zilizosimama wima:

"Vitu visivyo na kazi. Kutoka chini ya gari. Tarehe 12 Aprili 1955."

Akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika tumbo, na Athumani naye akacheka kule chini, na mimi nilisimama katikati ya kicheko chao kama kijana aliyeitwa mbele ya paredi. Kisha kicheko cha Nalepo kikakatika. Aliinama, akashika mlango kwa mikono miwili, akapumua kwa mdomo, na kopo likaanguka topeni.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

Alingoja hadi uchungu umpite. "Tangu alfajiri."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema gari si zima, tungoje fundi aone, tungoje lijaribiwe." Alinitazama bila kupepesa. "Hata yule dereva wa basi alisema tungoje. Nimebeba nguo za mtoto, Sifael. Mimi Arusha sirudi."

Katika miaka sita ya ndoa hakuwa amepata kuniita kwa jina langu mbele ya mtu. Nilitazama tulikotoka, nikatazama tuendako. Nyuma, maili karibu ishirini, hospitali isiyo na mpasuaji. Mbele, maili thelathini na kitu, na propela niliyoijeruhi kwa mikono yangu. Ningekwenda thelathini tungechelewa. Ningekwenda arobaini huenda tusingefika kabisa.

"Dakika kumi," alisema Athumani. "Nipe hicho kibati. Na klipu za mabomba, unazo? Kopo gani?"

"La tatu."

"Afadhali. Lete, na uje huku chini."

Nilikuwa nimevaa shati langu jeupe la shule. Nikalala topeni. Mbele ya pua yangu propela ilining'inia nyeusi, safi, inang'aa. Kazi niliyokuwa nimejivunia. Athumani alipapasa kwa ukucha chini ya rangi hadi akapata vile vijichunusi viwili vya chuma ambavyo tindo yangu haikuvimaliza. "Hapa ndipo kilipokaa. Kishike papo hapo, kisisogee hata upana wa unywele." Aliunganisha klipu mbili ziwe moja, akazizungusha juu ya kibati, akaanza kukaza.

"Mkono wako unatetemeka, Mwalimu."

"Najua."

"Au nao umeupiga tindo?"

Sikuweza kucheka, ila mkono ulitulia. Nje, Nalepo alipumua tena kwa nguvu; nilihesabu pumzi zake kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Athumani alimaliza kukaza, akafunga waya juu ya klipu, akazipiga kwa kidole kusikiliza. "Inshallah," alisema. "Twende."

Nalepo alijilaza kwenye kiti cha nyuma. Athumani aliketi mbele, kiganja sakafuni. Nilifika thelathini. Thelathini na tano. Mahali pa lile basi tulipapita upande wangu wa kulia, na Nalepo, aliyelala asione kitu, akasema, "Ni hapa, siyo?" Mshale ukagusa arobaini.

Kioo kilicheza kidogo. Si kama zamani, lakini kilicheza. Nilisikia mtikisiko mdogo ukija mikononi, nikainua mguu mara moja.

"Bado upo," nilisema. "Tusimame uusogeze."

"Usisimame," alisema Nalepo.

"Bado upo, Nalepo!"

"Mwalimu." Athumani hakupandisha sauti. "Klipu zenyewe zina uzito wake, kwa hiyo haiwezi kuwa kama ya kiwandani. Huo uliobaki hauvunji kitu. Nakuambia mimi. Tia mwendo."

Maisha yangu yote nilikuwa nimeamini kile tu nilichokikagua mwenyewe. Sasa nilitakiwa kuamini neno la mtu niliyemlaumu Jumatano mbele ya benchi zima, juu ya kitu nisichoweza kukiona, kikizunguka chini ya mgongo wa mke wangu. Nalepo alitoa sauti ambayo hakuwa ameitoa hadi hapo. Nikakanyaga. Arobaini. Arobaini na tano. Mtetemo ulibaki mdogo vilevile, haukukua, na mimi niliusikiliza kwa maili thelathini, nikitazamia kila moja iwe ya mwisho. Mara mbili Athumani aliniambia nilegeze mikono. Mara ya tatu alifungua dirisha lake, akaanza kuomba dua polepole kwa Kiarabu.

Tuliingia Moshi kabla ya saa tano. Hospitalini walimpokea Nalepo kwa machela, wakamwingiza, mlango ukafungwa.

Tulikaa kwenye ngazi za nje. Baada ya muda nilikwenda nikanunua chai, nikamletea Athumani kikombe. Alikitazama, akanitazama. Ndipo nilipokumbuka.

"Nisamehe. Umefunga."

"Kiweke hapo. Tutaonana nacho magharibi."

Kikombe kikakaa kati yetu, kikapoa, nzi akaingia, Athumani akamtoa kwa ukucha. Muuguzi alitoka saa saba na dakika kumi. Nilisimama, nikashindwa kumwuliza. Akasema bila kuulizwa kwamba ni mtoto wa kike, analia sana, na mama yake amekwisha kuuliza gari limefikaje.

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka kwamba jua lilipozama Athumani alinawa bombani, akainywa ile chai baridi yote, na kwamba nilimngoja amalize.

"Jumatano nilikusema vibaya mbele ya watu," nilimwambia.

"Ndiyo," alisema. "Mbele ya watu."

Nilishukuru kwamba hakunirahisishia.

Jumatatu nilirudi Arusha na Athumani, kwa mwendo wa thelathini, kisha nikaenda Ngarenaro mwenyewe baada ya saa za shule. Benchi lilikuwa limejaa. Athumani alikuwa chini ya lori lilelile.

"Shikamoo, fundi," nilisema.

Miguu ikatulia. Omari akageuka kunitazama kama mtu aliyesikia kuku akisoma gazeti.

"Nimekuja kusema jambo," niliendelea, nimesimama kama tulivyofundishwa kusimama, visigino pamoja. "Juma lililopita nilisema hapa kwamba fundi huyu aliliharibu gari langu. Haikuwa kweli. Niliyeliharibu ni mimi. Aliniuliza swali, nikamjibu nusu. Mke wangu na mtoto wangu wako hai kwa sababu yake."

Omari akasema, "Basi nusu ya pili nayo ilikuwaje, Mwalimu? Tuambie tupate faida!" na wote wakapasuka, na nikawaambia yote: brashi, mafuta ya taa, tindo, na kopo na maandishi yake. Walicheka hadi mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Niliwaacha wacheke.

Athumani alikuwa amekwisha kujitoa chini ya lori. "Marahaba, Mwalimu," alisema, akijibu salamu yangu. "Lilete gari kivulini, tukichomelee kile kibati kama kilivyozaliwa. Na ile tindo, iko wapi?"

Nilijua ataiulizia. Niliitoa kwenye mfuko wa koti, nikamkabidhi. Alijaribu makali yake kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akaiweka kwenye rafu ya juu kabisa, nyuma ya makopo ya grisi.

"Utaichukua," alisema, "mtoto akianza shule."

Nikamwambia sawa, nikaenda kulileta gari.